Nyuki wa Barberini: nani hasa alijenga kasri hili la Roma?

Mkatoliki wa kwetu aliyewahi kwenda hija Roma amewaona nyuki hawa, hata kama hakuwatilia maanani. Wamo kwenye ule mwavuli mkubwa wa shaba uliosimama juu ya altare kuu ya Basilika la Mtakatifu Petro. Wamo kwenye chemchemi za mitaani, juu ya milango ya makanisa, kwenye makaburi. Huwa watatu, wawili juu na mmoja chini. Ni nembo ya ukoo wa Barberini, na nyumba ya ukoo huo bado ipo, kwenye mteremko wa kilima cha Quirinale, kando ya barabara ya Quattro Fontane.

Ukiuliza nyumba hiyo ni kazi ya nani, utajibiwa kulingana na uliyemuuliza. Mmoja atakwambia Gian Lorenzo Bernini, mwingine Francesco Borromini. Yule aliyesoma zaidi atatabasamu na kukutajia Carlo Maderno. Wote watatu walishika kazi, kwa zamu na kwa pamoja, na wawili kati yao waliishia kuwa mahasimu. Kwa hiyo kitendawili hiki kimewashughulisha wasomi kwa muda mrefu. Mimi naona kinafumbuka vizuri zaidi tukianza na waliokusudiwa kulala humo ndani. Tukishawajua hao, michoro inaanza kusomeka.

Ukoo wenye haraka

Akina Barberini hawakuwa wenyeji wa Roma. Walikuwa wafanyabiashara wa nguo wa Firenze, asili yao Barberino katika bonde la Elsa, mkoani Toscana. Inasemekana hapo zamani waliitwa Tafani. Kwa Kiitaliano tafano ni pange, yule nzi mkubwa anayewauma ng'ombe na farasi, na pange ndiye aliyekuwa kwenye nembo yao. Fedha zilipoongezeka, jina likabadilika na pange akawa nyuki. Mabadiliko madogo kwa mchongaji, makubwa kwa ukoo.

Tarehe 6 Agosti 1623 Maffeo Barberini, akiwa na miaka 55, alichaguliwa kuwa Papa na kuchukua jina la Urban VIII. Huyu ndiye Papa ambaye wakati wake Galileo alihukumiwa, mwaka 1633. Ndiye pia aliyeanzisha mwaka 1627 chuo cha Collegio Urbano cha kuwaandaa mapadre wa nchi za misheni, chuo ambacho mapadre wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wamepita. Jina la chuo ni jina lake.

Upapa una tatizo moja kwa ukoo unaotaka kupanda: haurithiwi. Siku Papa anapofumba macho, kiti kinakwenda kwa mtu mwingine, mara nyingi wa ukoo pinzani, na ndugu wa marehemu wanabaki na kile walichokwisha kukigeuza kuwa mali yao. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ndiyo maana kila ukoo wa Papa katika karne ile ulikimbizana na saa. Nunua ardhi, nunua cheo cha ukuu, oza vijana kwenye koo za kale, jenga. Hasa jenga, kwa kuwa jumba la mawe halichukuliki kirahisi.

Waliobeba mpango huo walikuwa watoto wa kaka yake Papa. Kiitaliano kinawaita nipoti, neno moja kwa mtoto wa ndugu na kwa mjukuu, na humo ndimo Wazungu walimotoa neno lao la upendeleo wa kindugu. Kwa Kiswahili uhusiano wenyewe uko wazi zaidi: Carlo, baba yao, alikuwa mkubwa kuliko Maffeo, hivyo Papa alikuwa baba yao mdogo. Francesco alipewa ukardinali mwaka ule ule wa 1623, akiwa na miaka 26. Antonio, kitinda mimba, naye akawa kardinali miaka michache baadaye. Taddeo aliachwa bila joho kwa makusudi, maana lazima mmoja aoe. Mwaka 1627 akamwoa Anna Colonna, binti wa moja ya koo kongwe kabisa za Roma, na mwaka 1630 akina Barberini wakanunua mji wa Palestrina kutoka kwa hao hao Colonna. Taddeo akawa Mwana Mfalme wa Palestrina. Kwa kizazi kimoja, wauza nguo wamekuwa watawala wa ardhi.

Sasa tazama tatizo la nyumba. Ukoo huu una vichwa viwili vya aina mbili tofauti. Yupo kardinali, mkuu wa Kanisa, mwenye wageni wengi na fedha nyingi, lakini hana mke wala mrithi. Na yupo mkuu wa kidunia, mwenye mke, watoto na jina la kurithisha. Kila mmoja anahitaji makao kamili, si vyumba viwili vitatu vya kujisitiri.

Makao kamili katika Roma ya wakati ule yalikuwa na mpangilio wake. Mgeni alipanda ngazi akafika ukumbi mkubwa, kisha akapita chumba cha kungojea, na kingine, na kingine, hadi kufikia chumba ambamo mwenyeji hupokea watu, na nyuma yake chumba cha kulala. Heshima ilihesabiwa kwa hatua. Mgeni mkubwa alipokewa karibu na ngazi, mgeni mdogo alisubiriwa chumbani. Hatua chache za ziada, au pungufu, ziliweza kuzua ugomvi wa kibalozi. Na mke wa mkuu alihitaji msururu wake mwenyewe wa vyumba, apokee wanawake wenzake bila kupishana na mapadre na makarani wa kardinali kwenye korido.

Nyumba ya kale haikubomolewa

Mwaka 1625 Francesco alinunua kutoka kwa ukoo wa Sforza jumba lao pamoja na bustani iliyopanda kilimani. Mahali pazuri kweli: upepo, maji, na jirani yake ni kasri la Quirinale, ambako mapapa walikwenda kukimbia joto la kiangazi. Baadaye Francesco akamkabidhi Taddeo mali hiyo.

Jumba la Sforza lilikuwa limesimama upande wa kaskazini, likitazama uwanja ambao leo unaitwa Piazza Barberini. Hawakulibomoa. Uamuzi huo mmoja unaeleza mengi kuhusu umbo la kasri, na naona wapenzi wa majina makubwa huupita haraka mno. Nyumba ya kale ikamezwa na kuwa bawa la kaskazini, la Taddeo na mkewe. Upande wa kusini likajengwa bawa la pili, pacha wake, kwa ajili ya kardinali. Katikati, kuyaunganisha mabawa hayo, ukawekwa ukumbi mkubwa wa kutumiwa na wote. Ukilitazama kutoka juu, jengo ni herufi H.

Hilo lilikuwa jambo geni mjini Roma. Jumba la kawaida la mkuu wa Kiroma, kama lile la Farnese, lilikuwa boma la mraba: ukuta mzito kuelekea mtaani, na uzuri wote umefichwa ndani, kwenye behewa, yaani ua wa katikati ya nyumba. Miongoni mwa michoro ya mwanzo ya Barberini upo unaoonyesha kwamba wazo hilo la mraba wenye behewa lilifikiriwa. Likaachwa. Kilichojengwa badala yake hakina behewa kabisa. Mabawa mawili yamefunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha, na kati yake uso wa jengo umetobolewa kwa matao yanayoonyesha njia kuelekea bustanini. Nyumba za umbo hilo zilikuwepo, lakini zilikuwa za mashambani, za kupumzikia. Barberini walichukua umbo la shamba wakalipa ukubwa wa mjini, na kiwanja kiliruhusu: mji ulikuwa umeishia hapo karibu, na nyuma kulikuwa na mizabibu na bustani.

Wasanifu watatu, meza moja

Aliyeanza ni Carlo Maderno. Mwaka 1628, misingi ilipochimbwa, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, msanifu mkuu wa Basilika la Mtakatifu Petro na mwenye ule uso wa kanisa tunaouona leo kwenye televisheni kila Pasaka. Aliitengeneza ramani ya jumla, kisha akafariki tarehe 30 Januari 1629. Kuta zilikuwa ndiyo kwanza zinapanda.

Katika karakana yake alikuwapo kijana wa ukoo wake, Francesco Borromini, mzaliwa wa Bissone kando ya ziwa Lugano, mwana wa mafundi waashi. Alikuwa na miaka 29. Alijua kukata jiwe, kuchora kwa usahihi wa ajabu, kupima, kukadiria. Mtu angetegemea kazi iende kwake. Ikaenda kwa Bernini, mwenye miaka 30, mchongaji aliyependwa na Papa kuliko wote, ambaye kwa upande wa majengo alikuwa na uzoefu mdogo tu: uso wa kanisa dogo la Santa Bibiana, na ule mwavuli wa shaba ambao ulikuwa bado unaendelea. Bernini alirithi vyeo vyote viwili vya Maderno, basilika na kasri. Borromini akabaki mezani kama msaidizi wake.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Bernini alikuwa bosi na jina lake ndilo lililoheshimika, lakini michoro mingi iliyobaki, mingine ipo leo katika jumba la Albertina huko Vienna, ni ya mkono wa Borromini. Mkono uliochora si lazima uwe wa aliyebuni, maana msaidizi huchora pia mawazo ya bwana wake. Lakini msaidizi aliyemzidi bwana wake ujuzi hachori tu. Anasahihisha, anapendekeza, anaingiza yake. Kwa hiyo hata hesabu za malipo haziwezi kutenganisha kila kitu.

Vipo vipengele ambavyo jicho linashawishika. Uso wa magharibi wa jengo una matao saba kwa kila ghorofa, ghorofa tatu, na nguzo zinapanda kwa utaratibu wa Kirumi wa kale: za Kidoriki chini, za Kiioniki katikati, za Kikorintho juu. Ni utulivu mtupu. Kisha unainua macho hadi ghorofa ya juu na kuona mzaha. Kila dirisha limezungukwa na tao lililochongwa kwa mistari inayokutana ndani, kiasi kwamba unadhani linarudi nyuma hatua kadhaa, kama njia ndogo iliyoezekwa. Kina chenyewe ni kidogo tu. Sababu yake ni ya kiutendaji: vyumba vya nyuma vilihitaji madirisha madogo kuliko matao ya nje, na hila hiyo ya macho ikajaza pengo. Wengine wanampa Bernini, mwana maigizo aliyependa jukwaa. Wengine wanampa Borromini, ambaye miaka ya baadaye, katika Palazzo Spada, alijenga ujia mfupi unaoonekana kuwa mrefu mara kadhaa. Mimi ningeweka shilingi yangu kwa Borromini, lakini si shilingi nyingi. Kuhusu dirisha moja lililo kwenye kiungo cha uso na bawa, lenye fremu iliyokunjwa pembe zake kama masikio, hapo wengi wanakubaliana kwamba ni lake.

Halafu kuna ngazi. Kushoto ukiingia ipo ngazi ya mraba, pana, inayopanda polepole kuzunguka shimo la wazi katikati. Hii hupewa Bernini. Kulia ipo ngazi ya mviringo wa yai, inayojizungusha kama kombe la konokono, juu ya nguzo pacha pacha, mwanga ukimwagika kutoka juu. Hii hupewa Borromini. Waongoza watalii wanaipenda sana hadithi hiyo: mahasimu wawili, ngazi mbili, chagua yako. Kwa bahati mbaya, hadithi hiyo ni tamu kuliko ilivyo kweli. Ngazi ya yai yenye nguzo pacha ilikuwa na dada yake mkubwa hapo hapo juu ya kilima, ndani ya kasri la Quirinale, iliyojengwa na Ottaviano Mascarino katika miaka ya 1580. Na ngazi zipo mbili kwa sababu wenye nyumba walikuwa wawili. Ya mraba ni ya bawa la Taddeo, ya yai ni ya bawa la kardinali. Hata kama Bernini na Borromini wangekuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kasri hili lingekuwa na ngazi mbili.

Uhasama wenyewe ulikuwa wa kweli. Simulizi zilizoandikwa baadaye upande wa Borromini zinasema hakuumia sana kwa fedha alizochukua Bernini. Aliumia kwa mwenzake kufurahia sifa ya jasho lake. Katika miaka ya mwanzo ya 1630 wakaachana. Kisha Borromini akaenda kujenga kanisa lake la kwanza, San Carlo, dogo na lenye kuta zinazopinda kama maji, na likaangukia barabara ile ile ya Quattro Fontane, hatua chache tu juu ya kasri.

Dari linalosema

Mtindo wa baroko hauelezeki kwa mawe peke yake. Uliundwa ili ukushike hisia: jengo, sanamu, picha na mwanga vikusanyike mahali pamoja mpaka usijue ukuta umeishia wapi. Ukitaka kuelewa kwa dakika tano, ingia ukumbi mkubwa wa Barberini, lala chali kwenye benchi kama wafanyavyo wageni, utazame juu.

Pietro da Cortona alilichora dari hilo kati ya 1632 na 1639, rangi juu ya lipu mbichi, kipande kwa kipande. Mada ilipangwa na mshairi Francesco Bracciolini. Katikati, juu ya wingu, ameketi Maongozi ya Mungu kwa umbo la mwanamke, na chini yake yupo Wakati, naye amepewa umbo la mtu, akiwala watoto wake. Anaamuru nyota zipelekwe mahali. Wapi? Kwa nyuki watatu, kila mmoja mkubwa kuliko mtu, wanaoruka ndani ya shada la majani ya mlorieli linaloshikwa na Imani, Tumaini na Mapendo. Juu yao funguo na taji la Papa. Maana yake hata mtoto anaisoma: Mungu mwenyewe ndiye aliyewachagua hawa. Fremu nzito za mawe zinazoonekana kuligawa dari, pamoja na sanamu zinazozibeba, hazipo. Ni rangi tupu, na watu na mawingu wamechorwa wakipita mbele yake na nyuma yake.

Warumi wa kawaida walikuwa na maoni mengine juu ya nyuki. Mwaka 1625 Urban VIII aliamuru mihimili ya shaba ya ukumbi wa mbele wa Pantheon, hekalu la kale la Roma, iliyokuwa imedumu tangu enzi za makaisari, ing'olewe na kuyeyushwa. Sehemu kubwa ikawa mizinga ya ngome ya Sant'Angelo. Mji ukamjibu kwa mstari mmoja wa Kilatini uliocheza na jina la ukoo: ambalo barbari hawakulifanya, Barberini wamelifanya.

Kasri pia lilikuwa na michezo ya kuigiza kwa nyimbo, ambayo maneno yake mara nyingi yaliandikwa na Giulio Rospigliosi, padre aliyekuja kuwa Papa Clement IX. Ulijengwa ukumbi maalumu pembeni, na mwaka 1639 mmoja wa waliohudhuria alikuwa kijana wa Kiingereza aliyekuwa safarini, mshairi John Milton, Mprotestanti wa kutupwa. Alipokewa kwa adabu na Kardinali Francesco mwenyewe.

Saa ilipogonga

Kwa jinsi jumba lilivyopangwa kwa ustadi kwa ajili ya kaka wawili, inachekesha kidogo kwamba mpango huo haukutumika ulivyokusudiwa. Taddeo na Anna walihamia mwaka 1632 na kurudi nyumba yao ya zamani mwaka 1634. Francesco, akiwa amepata wadhifa mkubwa wenye jumba lake, akaishi kwingine. Aliyebaki kulifaidi ni Antonio, kitinda mimba, mpenda muziki.

Mwaka 1641 akina Barberini waliingia vita vya Castro dhidi ya ukoo wa Farnese, vita vya gharama na fedheha. Urban VIII alifariki Julai 1644. Aliyemfuata, Innocent X wa ukoo wa Pamphilj, akaitisha hesabu. Antonio alikimbilia Ufaransa mwaka 1645, kaka zake wakamfuata Januari 1646, wakikingwa na Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa Ufaransa. Mali zao zikazuiwa. Taddeo alifia Paris mwaka 1647.

Kilichowarudisha ni ndoa. Mwaka 1653 Maffeo, mtoto wa Taddeo, alimwoa Olimpia Giustiniani, binti wa upande wa Papa yule yule aliyewafukuza. Februari 1656, Malkia Christina wa Sweden alipokuwa amehamia Roma baada ya kuacha ufalme na kuwa Mkatoliki, Barberini walimwandalia usiku wa mashindano ya farasi kando ya kasri, manyoya vichwani na mienge mikononi. Tumerudi, ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Mabadiliko makubwa ya mwisho ya usanifu yalikuja katika miaka ya 1670, Francesco akiwa mzee. Ukumbi wa matao wa chini uliongezwa kina, ukawa unajifinyanga kadiri unavyoingia ndani, na njia ikafunguliwa magari ya farasi yapite chini ya jengo hadi bustanini. Kwa hiyo ule mtazamo wa kupenya kutoka barabarani hadi kijani cha nyuma, ambao vitabu huusifu kama ufunuo wa mwaka 1628, kwa sehemu kubwa ni wa nusu karne baadaye.

Karne ya 18 ilileta vyumba vidogo vya mapambo laini kwa ajili ya Cornelia Costanza, wa mwisho wa tawi kuu, aliyeozwa kwa Colonna di Sciarra mwaka 1728 akiwa bado mtoto. Na lile lango la chuma barabarani, lenye majitu ya mawe yanayobeba nguzo, ambalo kila mtalii hulipiga picha akiamini ni la Bernini, liliwekwa mwaka 1865 na msanifu Francesco Azzurri.

Karne ya 20 ukoo ulianza kuuza, kwanza maktaba, iliyokwenda Vatikani mwaka 1902, kisha vipande vya bustani. Mwaka 1949 serikali ya Italia ililinunua kasri lenyewe ili kuweka picha za taifa: Judith wa Caravaggio, La Fornarina wa Raphael. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1953, lakini humo ndani tayari kulikuwa na klabu ya maofisa wa jeshi waliopanga tangu miaka ya 1930, na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Wakakaa hadi karne hii ya 21. Kwa miongo mingi, basi, nyumba iliyokatwa mara mbili kwa ajili ya kardinali na mkuu ilipata tena wakazi wawili wasiochangamana: wachoraji waliokufa zamani kwenye vyumba vingine, na kwenye vingine maofisa wakisherehekea harusi za mabinti zao.